Salamu Kupitia Ganda la Saba

Bi Sikudhani aliniagiza nidanganye huku anakunywa uji, kwa sauti ileile ambayo mtu anakuagiza chumvi dukani.

"Leo ukisoma kadi yangu," alisema, "mwambie Zamoyoni sijambo. Mwambie magoti yananisumbua kidogo, asije akashangaa mbona mama yake hana la kulalamikia. Lakini moyo usiutaje."

"Na akiuliza?"

"Ataulizaje jambo asilolijua? We soma salamu, mwanangu. Punguza mdomo."

Nilitazama kile kitanda cha zahanati na waya alizobandikwa kifuani. Daktari alikuwa amenieleza koridoni: moyo umechoka, dawa zimefika mwisho wake, mgonjwa ana miezi michache akibahatika. Chombo cha binti yake kikigeuza sasa hivi, watakutana. Kikiendelea na safari hadi kimalize kazi, hawataonana tena. Hayo ndiyo niliyoambiwa nisiyaseme.

"Shikamoo mama, mimi naondoka," nilisema, maana nilishaanza kukasirika na sikutaka kumkasirikia mgonjwa.

"Marahaba. Na hiyo kadi usiibadilishe hata neno moja. Nakujua."

*

Mimi ni Mashavu, msoma salamu wa Kituo cha Ukaya. Ni kazi kama kazi nyingine, na anayecheka hajawahi kukaa mwaka mzima ndani ya chombo cha kuvulia bila kusikia sauti ya mtu wa kwao.

Nyota yetu tunaiita Kikongwe. Hapo zamani ilikuwa nyota ya kawaida, ya manjano, na heshima zake. Ikazeeka, ikavimba, ikawa nyekundu, na siku hizi inapumua kwa taabu: inajaa, inasinyaa, inajaa tena. Kila baada ya miaka mingi inakohoa na kuvua ganda zima la gesi na vumbi. Ganda hilo huondoka pande zote kwa pamoja, likapanuka na kupoa kadiri linavyokwenda, mpaka mvuke wa maji uliomo unagandia kwenye chembe za vumbi. Sisi tunaishi katikati ya maganda hayo, kwenye kituo cha chuma kilichotengenezwa na babu zetu, na tunakunywa tunachokivua humo. Ganda la Saba ndilo lililo karibu nasi sasa, na limeshakuwa jepesi mno. Tulikuwa kwenye mgao wa maji: kila mtu na kikombe chake asubuhi na kikombe chake jioni, na kuoga ni kitambaa tu.

Mbele yake, katika Ganda la Sita, watazamaji wetu walikuwa wameona kipande kinene cha barafu na vumbi, cha kututosha kizazi kizima. Ila kinakimbia na ganda lake. Ilibidi kifuatwe mapema, na chombo kimoja tu kilikuwa na nguvu ya kukifikia: Tandabui, chenye nyavu za sumaku pande zote mbili. Rubani wake alikuwa Zamoyoni, peke yake.

Sasa, hiyo kazi yangu. Redio yetu ni ndogo. Sauti yake ingepotea kabla haijafika nusu ya safari, isingekuwa Kikongwe yenyewe. Joto lake hupenya kwenye gesi na kuzijaza chembe za maji nguvu za ziada, zikakaa nazo hivyo hivyo zikingoja kisingizio cha kuzitoa. Wimbi la redio linalolingana na chembe hizo likipita hapo, kila chembe inatoa nguvu yake na kuliongezea. Wimbi linaingia dhaifu, linatoka limenenepa. Mabonge hayo ya gesi tunayaita vipaza. Kipaza kikikaa sawasawa kati yetu na chombo, tunasema ni wakati wa salamu, nami naingia chumbani kwangu na kusoma kadi za watu. Sauti huchukua siku mbili kufika kwa Zamoyoni, na yake siku mbili kurudi. Ganda likizidi kuwa jepesi, kipaza nacho kinafifia, na chetu kilikuwa kimeanza.

Kituo kizima husikiliza salamu. Zinatoka kwenye spika za korido zote, ghorofa zote tunazoziita ngazi, hata jikoni. Nitaje hilo mapema kwa sababu ndilo lililonitia matatani.

*

Kabla hajaondoka, Zamoyoni alinishika mkono kwenye lango la chombo. Tulikua pamoja, tukaoga kwenye beseni moja enzi maji yapo.

"Mama akipatwa na lolote, uniambie," alisema. "Usinifanyie kama walivyokufanyia wewe."

Nilimwahidi. Yeye ndiye aliyekuwepo siku ile nikifanyiwa.

Nilikuwa bado navua, miaka hiyo. Kwetu kuna desturi kwamba aliye safarini hapewi habari ya msiba. Atachanganyikiwa, atakosea mitambo, atatufia na yeye. Basi msoma salamu wa wakati ule alinisomea salamu za baba safari nzima: baba hajambo, baba anauliza umenenepa au umekonda. Nami namjibu kwa utani, baba wee, konda wewe. Nimerudi na kofia niliyomshonea mwenyewe kwa nyuzi za wavu. Langoni wote wananiambia pole na safari, karibu chai. Nikanywa chai. Chai ilipoisha ndipo mjomba akanisogezea kiti na kuniambia baba alifariki tangu wiki ya kwanza. Safari nzima nilikuwa namtania marehemu. Kofia ile ninayo hadi leo na sijui niifanye nini.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Mkuu wa kituo, Bwana Shomari, nikamwambia sitaisoma kadi ya Bi Sikudhani.

Shomari si mtu mbaya. Nilitamani awe mbaya, ingenirahisishia. Alikuwa amekaa na kikombe chake cha asubuhi ambacho hajakigusa, midomo imempasuka.

"Dada Mashavu, Tandabui imebakiza siku chache kufika Kona," alisema.

Kona ni mahali pa kubuni tu angani. Kabla ya hapo rubani ana mafuta ya kugeuza na kurudi. Akishapita, mafuta ya kurudia atayapata kwenye kile kipande cha barafu, akiyachuja mwenyewe.

"Najua," nilisema.

"Akigeuza, kipande kinatutoka. Hatuna chombo kingine cha kukifuata. Nitawaambia nini wenye watoto wachanga? Watu mia nne, dada. Na mwenyewe Bi Sikudhani ameomba. Mwenye mwili wake, mwenye mtoto wake, ameomba. Mimi na wewe ni nani?"

Nilitoka pale nikijua kwamba ana haki, na Bi Sikudhani ana haki, na kwamba mimi nitasema uongo kwa sauti yangu nzuri ya salamu kwa mtu niliyemwahidi. Iliniuma, na nilimchukia kila niliyekutana naye koridoni.

*

Kipaza kilikaa sawa mchana. Nikawasha mtambo, sindano ikapanda, ikatulia. Nikaanza kama kawaida.

"Ndani ya Tandabui, popote ulipo, hizi ni salamu kutoka Ukaya. Kadi ya kwanza inatoka kwa mafundi wa Ngazi ya Pili. Wanakusalimu na wanasema ukirudi wanakudai ngoma. Kadi ya pili inatoka kwa walimu na wanafunzi, wanaomba uwaletee jiwe..."

Nikasoma zote. Ya Bi Sikudhani niliiweka ya mwisho, kama mtoto anayeacha mboga chungu mwisho wa sahani.

"Kadi hii inatoka kwa mama yako mzazi, Bi Sikudhani, wa Ngazi ya Tatu. Anakusalimu sana. Ujumbe wake unasema: sijambo, ila magoti."

Nikatazama mtambo. Sindano ilikuwa imeanza kushuka taratibu. Ningeweza kuaga na kuzima, na kila mtu katika kituo angenishukuru kimoyomoyo, na jioni ningepewa hata nusu kikombe cha ziada. Nikaifikiria ile chai niliyokunywa langoni.

"Zamoyoni," nilisema. "Hiyo ndiyo kadi aliyoandika. Sasa nasema mimi. Mama yako anaumwa moyo. Najua kwetu mtu akiambiwa mgonjwa anaelewa ameshakufa. Hajafa. Yuko hai, leo asubuhi amekunywa uji na kunigombeza. Lakini daktari anasema hatakungoja hadi umalize kazi. Ukigeuza sasa utamkuta. Ukigeuza, maji hatuna. Mama hataki ujue. Mkuu hataki ujue. Mimi sikuambii ufanye nini. Nakuambia tu hali ilivyo."

Nikazima. Koridoni nilisikia feni za hewa tu.

Bwana Shomari hakunipigia kelele. Alikuja mlangoni, akanyoosha mkono, nikampa ufunguo wa chumba cha salamu, akaondoka. Hakutaka hata kunitazama. Jioni, kwenye foleni ya maji, mwanamke mmoja aliyebeba mtoto alinigeuzia mgongo, na nyuma yangu watu wakaacha nafasi kubwa kana kwamba ninanuka. Pengine nilikuwa nanuka. Sote tulikuwa tunanuka.

Niliyemwogopa ni mmoja. Nilipoingia zahanati, Bi Sikudhani alikuwa amegeukia ukutani.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Tangu nizaliwe sijawahi kumwamkia asiitikie. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi.

"Umenivua nguo mbele ya kituo kizima," alisema mwishowe, bado kaukabili ukuta. "Nilikuomba kitu kimoja. Mtu akifa ana nini cha kwake tena, zaidi ya hicho anachoomba?"

"Nisamehe, mama."

"Sikusamehi. Toka."

Nikatoka. Nililia chooni, ambako hakuna spika.

*

Siku nne zile watu waliishi kwa kusikiliza. Kila spika ikikwaruza, mikono inasimama. Siku ya nne ilipotimia, watazamaji walisema Tandabui imezima mitambo. Halafu wakasema imegeuza pua kurudi upande wetu. Habari hiyo ilipita kwenye korido na nikawaona watu wazima wameketi chini. Bwana Shomari alianza kuchora mpango wa kufunga Ngazi ya Nne na kuwabananisha watu. Hakuna aliyenisema, na hilo lilikuwa baya kuliko kusemwa.

Jibu lilikuja kesho yake, wakati wa uji. Sauti ya Zamoyoni, nzito, pua imeziba.

"Ukaya, salamu zenu zimefika. Mama, shikamoo. Wote wanaonisikia, nawasalimu." Akavuta kamasi. "Niseme kweli. Nilizima mitambo, nikalia mpaka nikasinzia. Nilipoamka nikageuza chombo. Nikakaa hivyo, pua imeelekea kwenu, nikiihesabu mitungi mitupu iliyo nyuma yangu. Mama, nimegeuza tena. Naenda mbele. Nakwenda kuchota maji."

Jikoni mtu aliangusha bakuli. Hakuna aliyeliokota.

"Lakini nakwenda kwa sababu nimeambiwa, nikachagua. Mngenificha, ningekwenda hivyo hivyo, ila kama mzigo. Mashavu, Mungu akuweke. Mama, nina ombi moja. Usiniambie tena hujambo. Kila salamu, niambie umelalaje. Niambie panauma wapi. Kipaza kikiwa bado kipo, tusikimalize kwa habari za magoti."

Nilikimbia zahanati. Bi Sikudhani alikuwa ameketi kitandani, ameng'oa waya mbili, mashine inalia.

"Nani kafundisha huyu mtoto kujibu wakubwa namna hii?" alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nileteeni kiti cha magurudumu. Na huyo Shomari arudishe ufunguo."

"Mama, umenisamehe?"

"Nimesema lete kiti. Mambo ya kusameheana tutayaona njiani."

*

Basi kila wakati wa salamu nilimsukuma hadi chumbani kwangu, nikampisha kwenye maikrofoni. Spika za korido Shomari alizizima mwenyewe, bila kuombwa. Mimi nilibaki kwa ajili ya mtambo, kwa hiyo nilisikia, na mengi siyasemi.

Walizungumza kama watu wenye siku nne kati ya swali na jibu. Unasahau ulichouliza, jibu linakuja, unacheka peke yako. "Leo nimelala vibaya," Bi Sikudhani alianza mara ya kwanza, kwa haya, kama bibi harusi. Mara ya tatu alisema, "Naogopa, mwanangu. Mchana siogopi, nikifumba macho ndiyo naogopa." Jibu likaja baada ya siku zake: "Mimi pia naogopa, mama. Huku hakuna mchana." Waligombana kuhusu sufuria iliyoungua miaka kumi iliyopita, na nani aliyeiacha motoni. Mama alimfundisha kupika maharage bila kuloweka, jambo ambalo Zamoyoni hana maharage wala jiko la kulifanyia. Alimwambia kwamba baba yake alikuwa akikoroma kwa namna ya kupendeza. Ningekuwa nimesoma ile kadi kama ilivyoandikwa, haya yote yangekuwa magoti.

Ganda la Saba liliendelea kututoka. Kila mara sindano ilipanda kidogo kuliko mara iliyopita, na maneno yakaanza kukatika.

"Nikishaondoka," Bi Sikudhani aliniambia siku moja nikimrudisha, "umwambie siku hiyohiyo. Na usianze na habari za huko na habari za safari. Kipaza kitakuishia mdomoni."

"Sawa, mama."

"Na unioshe wewe. Hawa wengine wana mikono ya baridi."

*

Aliondoka asubuhi, uji ukiwa bado wa moto. Nilikuwa nimemshika mkono.

Kumwosha marehemu kunataka maji, na Ukaya haikuwa nayo. Nilikuwa nimeamua kutumia kikombe changu na kitambaa, na Mungu angeelewa. Nilipofungua mlango wa zahanati kwenda kukichukua, nikakuta foleni. Ilianzia mlangoni, ikapinda koridoni, sikuona mwisho wake. Kila mtu ameshika kikombe chake cha asubuhi, amekibeba kwa mikono miwili asimwage. Yule mwanamke mwenye mtoto alikuwepo. Wa kwanza kabisa alikuwa Bwana Shomari, midomo imempasuka vilevile.

"Wewe ndiye unayeosha?" aliniuliza.

"Mimi."

Akamimina chake kwenye beseni, taratibu, akapisha mwingine.

Nilimwosha Bi Sikudhani kwa maji kamili, kama watu wa zamani. Kisha nikaenda chumba cha salamu na nguo bado zimelowa. Kipaza kilikuwa karibu kimekwisha. Sindano ilitikisika tu.

"Zamoyoni, mama amefariki leo asubuhi. Nilikuwepo. Hakuumia sana." Nikayarudia maneno hayohayo, polepole, mpaka sindano ikalala.

Siku nne baadaye nilikuwa bado nimekaa palepale. Kulikuwa na mkwaruzo mrefu wa gesi, kisha sauti yake kwa mbali sana. Sikupata mwanzo wala mwisho. Nilipata maneno matatu tu.

"Nani alimwosha mama?"

Nikabonyeza. "Mimi," nilisema. "Mimi. Kwa maji ya kituo kizima. Mimi." Niliendelea kusema hata baada ya sindano kuacha kutikisika. Kisha nikafunga chumba, maana Ganda la Saba halikuwa na kipaza tena. Sikujua kama jibu lilifika, na miezi iliyofuata jambo hilo lilininyima usingizi kuliko kiu.

*

Tandabui ilirudi imejaa mpaka mitungi ya pembeni. Watu walisongamana langoni wakiwa na ndoo. Lango likafunguka. Desturi haiondoki kwa siku moja: niliona midomo inajiandaa kusema pole na safari, na huko nyuma kuna mtu alikuwa ameshachemsha chai.

Zamoyoni alitoka amekonda, nywele zimemwota hovyo. Hakumtazama Mkuu wala zile ndoo. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipo. Nilifungua mdomo nimjibu lile swali lake la mwisho.

Hakunisalimu. Aliishika mikono yangu yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaitazama muda mrefu. Halafu akainama, akajifunika nayo uso.